Chumba cha video cha Kamalondo na filamu za kurudi nyuma

Kiingilio ni faranga 1,000. Mwezi wa saba nimekilipa mara saba, na siku moja nililipia pia mjukuu wangu, ingawa papa mwenye chumba alisema mtoto anayekaa mapajani halipi. Naanza na hilo ili anayesoma ajue kwamba sikualikwa na mtu wala sikukaa bure.

Chumba kiko hapa Lubumbashi, Kamalondo, si mbali na uwanja wa TP Mazembe, katika nyumba ya matofali iliyokuwa ghala la makala, yaani makaa. Hakina kibao. Ulizia "kule kwa video", watoto watakupeleka. Ndani kuna mabenchi kumi na mawili, ukuta uliopakwa chokaa, projekta iliyofungwa darini kwa waya, na spika mbili ambazo moja inakoroma sauti ikipanda. Siku nyingine wanaonyesha mpira na filamu za ngumi. Lakini mwezi wa saba wote, kila Alhamisi na kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema huku, walionyesha filamu za safari za wakati peke yake: mtu anarudi nyuma, mtu anatoka mbele anakuja kwetu, mtu anakwenda kuzuia jambo na kumbe ndiye aliyelisababisha.

Hadithi hizo zinanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya komini, mwaka wa 22 sasa. Kutwa nauliza: huyu ametoka kwa nani, lini, wapi, nani alishuhudia? Mtoto akizaliwa wazazi wana siku 90 za kumwandikisha. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, na hapo ndipo ninapowaona watu wazima wenye ndevu na watoto wao ambao kwenye karatasi hawajazaliwa bado. Kwa hiyo filamu inayocheza na mwanzo wa mtu siitazami kwa kupitisha jioni tu.

Cha kusifu kwanza ni mkalimani. Filamu zote ni za Kifaransa au zimetiwa sauti za Kifaransa, na yeye anasimama kando ya ukuta, mikro mkononi, anazileta katika Kiswahili chetu. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, aliwahi kufundisha sekondari, na ualimu haujamtoka. Siku ya kwanza, kabla taa hazijazimwa, alichukua kipande cha kitenge, akakisokota, akakizungusha, akachomeka ncha, akakiinua juu tukione. "Hii ni nkata. Bamama banaitia ku kichwa chini ya beseni. Ukiishika mu giza, utaizungusha weee, hautajua inaanzia wapi. Kuna hadithi ziko vile." Tangu hapo hakuna aliyetumia neno jingine. Mtu anapokuwa sababu ya jambo lililomsababisha yeye mwenyewe, chumba kizima kinasema: "Nkata!"

Nimebeba ndoo za maji kwa nkata tangu nina miaka saba, na kuna jambo ambalo kijana hakulisema. Nkata ina ncha. Umeichomeka chini ya mkunjo, haionekani, lakini pitisha kidole polepole utaigusa. Basi kila filamu niliitazama nikiitafuta ncha iliyochomekwa.

Waliofungua ni Back to the Future ya Robert Zemeckis, ya mwaka 1985, ambayo wengi hapa wanaijua kama Retour vers le futur. Kijana Marty anaruka na gari kutoka 1985 hadi 1955, na kosa lake la kwanza ni la huruma: anamsukuma baba yake, ambaye naye bado ni kijana, ili asigongwe na gari. Kumbe kugongwa kule ndiko kulikomfikisha baba nyumbani kwa wazazi wa mama. Sasa aliyegongwa ni Marty, na binti yule, ambaye ndiye atakuwa mama yake, anampenda Marty. Picha ya ndugu watatu aliyo nayo inaanza kufutika, na anayetangulia kufutika ni kaka mkubwa, kuanzia kichwani. Hilo nililipenda sana. Aliyeandikwa kwanza kwenye daftari ndiye anayetoka kwanza.

Lakini ukishika kalamu, hesabu haifungi. Marty asipozaliwa, hakuna wa kurudi 1955. Asiporudi, baba anagongwa, mama anamwonea huruma, Marty anazaliwa. Akizaliwa, anarudi. Filamu inaliepa swali kwa kumfanya Marty afutike kidogo kidogo, ikimpa juma moja la kurekebisha. Niliikubali kwa sababu mtunzi ni mwaminifu kwa kanuni aliyojiwekea: wakati unanyumbulika, lakini hausamehi mpaka ulichovunja umekitengeneza.

Kilichonizuia kulala siku ile ni kitu kidogo zaidi. Karibu na mwisho, kwenye dansi, Marty anashika gitaa anapiga Johnny B. Goode. Mwanamuziki aliyeumia mkono anakimbilia simu, anampigia binamu yake Chuck ili asikie mtindo mpya. Chuck Berry mwenyewe, mpiga gitaa wa Marekani, aliutoa wimbo ule kwenye sahani ya santuri mwaka 1958. Marty aliujulia kwenye sahani za Chuck Berry. Katika filamu, Chuck anausikia kwa Marty. Watu walicheka na kupiga makofi. Mzee mmoja wa benchi la mbele, mstaafu wa reli, akainua mkono.

Hapa nieleze utaratibu wa pale, maana sijauona penginepo: kila mteja ana haki ya kusimamisha filamu mara moja kwa jioni. Unainua mkono, papa mwenye chumba anabonyeza, unauliza. Wengine wanaona inakata utamu. Mimi naona ndiyo inayofanya faranga 1,000 ziwe kidogo.

Mzee akasema: "Muniambie. Mwenda alikuwa Jadotville, Tracey akamukuta kule mwaka 1952, akashika Masanga ku mashine. Sasa, tuseme mimi niko na ile sahani. Narudi Jadotville mbele ya Tracey, namupigia Mwenda sahani. Anaisikia, anaitia mu vidole vyake. Tracey anafika, anaishika. Sahani yangu inatokea pale. Nani alitunga Masanga?"

Kwa msomaji asiye wa huku: Jadotville ni Likasi ya leo, na Mwenda ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye gitaa lake liliwafanya watu wa mbali waulize kama wapigaji ni wawili. Hugh Tracey ndiye aliyemrekodi. Hakuna nyumba ya wazee hapa ambayo wimbo wake Masanga haujulikani.

Chumba kilikaa kimya. Mtu akasema, "Mungu." Mwingine, "Hakuna." Mimi nilisikia kama mtu ameibiwa mbele yangu. Wimbo ule una kazi ndani yake. Kuna mtu alikaa na gitaa, akakosea, akarudia, kidole gumba kikajifunza kwenda njia yake na cha shahada njia yake. Ukiufunga wimbo kuwa nkata namna hii, ile kazi inapotea. Wimbo upo, unasikika, hakuna aliyetoka jasho. Kwangu huo ni mkanganyiko mzito kuliko ule unaotajwa sana, wa mtu kurudi nyuma na kumuua babu yake kabla babu hajapata mtoto, kwa sababu wa babu unakataa kutokea, na huu unatokea bila kizuizi na hakuna hata kanuni moja iliyovunjwa.

Mkalimani alijibu vizuri. Alisema wanafizikia wawili, Lossev na Novikov, waliandika mwaka 1992 juu ya vitu vya namna hii, vitu vinavyozunguka katika wakati bila kutengenezwa na mtu, na jina walilovipa ni jini. Neno hilohilo letu! Kisha akatenganisha mambo mawili ambayo sikuwahi kuyatenganisha. Sahani ya mzee, akasema, ni kitu, na kitu kinachakaa: kila ikizunguka inapata mkwaruzo, na kama inazunguka bila mwisho ingekuwa imesagika zamani. Kwa hiyo sahani haiwezi kuwa nkata safi, labda kila mara kuwe na mtu wa kuirudisha upya. Lakini wimbo si kitu cha kushika. Wimbo hauchakai. Wimbo unaweza kuzunguka milele. Mzee wa reli alitikisa kichwa, akasema basi aendelee.

Terminator ya James Cameron, ya 1984, ilijaza chumba mpaka watu wakasimama mlangoni, na ndiyo siku niliyoandika kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Katika mkoba sikosi karatasi chakavu za ofisi, zile zilizopigwa chapa upande mmoja. Wakati watu wanaogopa lile jitu la chuma, mimi nilikuwa napiga mistari gotini. Jina la mtoto: John Connor. Jina la mama: Sarah Connor. Jina la baba: Kyle Reese. Tarehe ya kuzaliwa ya baba: hapo kalamu ilisimama. Kyle ametumwa kutoka mwaka 2029 kumlinda Sarah na lile jitu, amekulia kwenye magofu baada ya vita, na aliyemtuma ni John mwenyewe, mtu mzima, kamanda wake. Baba amezaliwa baada ya mwana. Daftari letu halina mahali pa kuandika hivyo, na ningeletewa maelezo hayo dirishani ningeyarudisha. Lakini kila mmoja ana mama, kila mmoja ana siku yake, na kila mstari ukiusoma peke yake ni wa kweli.

Ncha niliitafuta kwenye picha. John anampa Kyle picha ya Sarah, Kyle anaipenda kabla hajamwona mwenyewe, na anamwambia Sarah kwamba siku zote alijiuliza Sarah alikuwa anawaza nini alipopigwa picha ile. Mwisho wa filamu, kwenye kituo cha mafuta, Sarah ana mimba, mtoto mmoja anampiga picha, na ndiyo ileile. Alikuwa anamwaza Kyle. Na picha hiyo si jini: imepigwa siku ile, imekaa kwa Sarah, imepita kwa John, imefika kwa Kyle, imeungua vitani. Ina kuzaliwa na ina kufa. Ningeweza kuiandikia cheti. Ndiyo maana naona filamu hii, pamoja na risasi zake zote, imeshonwa na fundi mwenye heshima.

Malalamiko mawili ya siku ile. La kwanza: mkalimani alisema "huyu njo baba ya John" nusu saa kabla filamu yenyewe haijasema. Alipenda kutuonyesha kwamba anajua, akatunyang'anya. Nilimwambia wakati wa kutoka, akaniomba radhi: "Mama, nilikosa." Hakurudia tena. La pili: umeme ulikatika pale pale kwenye kituo cha mafuta, mtoto ameshainua kamera. Jenereta iko nyuma, lakini mafuta hayakuwamo, na kijana aliyetumwa kuyatafuta alichukua dakika 25. Kamalondo hii, kila mtu anajua kwamba umeme hauna ahadi. Mafuta yanunuliwe mchana. Papa mwenye chumba alisema ndiyo, na juma lililofuata jenereta iliwaka ndani ya dakika mbili, lazima niseme.

Jioni iliyonikaa moyoni ilikuwa Alhamisi ya baridi kali, watu 19 tu. Walionyesha La Jetée ya Chris Marker, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1962. Ina dakika 28, na karibu yote ni picha zisizotembea, moja baada ya nyingine, na sauti ya msimulizi juu yake. Vita imeiharibu Paris, waliobaki wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anachaguliwa kurudishwa nyuma kwa sababu ana kumbukumbu moja yenye nguvu: alipokuwa mtoto, kwenye uwanja wa ndege wa Orly, aliona uso wa mwanamke na mtu akifa.

Vijana wawili waliondoka baada ya dakika tano, wakidhani video imekwama. Sisi tuliobaki tulisogea mbele. Mkalimani alishusha sauti, akawa anasema kama mtu anayesimulia usiku kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Kuna mahali, yule mwanamke amelala, picha zinabadilika taratibu, amegeukia huku, amegeukia kule, na halafu ghafla anafumbua macho. Anafumbua kweli. Ndiyo picha pekee inayotembea katika filamu yote. Mkalimani aliushusha mkono wenye mikro akanyamaza. Nilisikia benchi likilia chini ya mtu. Nilisikia projekta. Macho yale yalitutazama kwa muda wa pumzi mbili au tatu, yakarudi kuwa picha.

Na mwisho ni ule ambao nkata yake haina huruma: mtu aliyekufa Orly mbele ya mtoto ni yeye. Alikimbilia nyuma kumfuata mwanamke yule, na kumbukumbu iliyomwezesha kukimbia ilikuwa ya kifo chake mwenyewe. Katika hadithi hii wakati haunyumbuliki hata kidogo. Hakuna picha ya kufutika. Yaliyotokea yalitokea, na wewe uliyekuja kuyabadilisha ulikuwa mmoja wa waliokuwapo. Novikov, yule wa jini, ana kanuni yake inayosema hivyo: kama kurudi nyuma kunawezekana, linaloweza kutokea ni lile tu lisilopingana na lililokwisha kutokea.

Mzee wa reli hakuinua mkono. Alingoja taa, kisha akasema kwamba hii anaijua, ila kwao haina mashine. Akatukumbusha Nkongolo Mwamba wa masimulizi ya Waluba, aliyeogopa kwamba mpwa wake Kalala Ilunga atamwondoa kwenye kiti. Akachimba shimo, akalifunika kwa mikeka, akamwita kijana acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa milio. Kalala akakwepa, akakimbilia kwa baba yake Mbidi Kiluwe, akarudi na jeshi, akachukua kiti. "Kama hakuchimba lile shimo," mzee akasema, "yule kijana angekaa tu, anacheza na wenzake." Tulizungumza mpaka saa tatu na nusu. Mtu kutoka Kinshasa, mgeni wa jirani yangu, akaongeza kwamba kwa Kilingala jana na kesho ni neno moja, lobi, na mwenye kusikia anajua kwa yanayofuata. Sisi tuna juzi, jana, leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, kila siku na kiti chake. Sijui ni lipi linalofaa zaidi kwa filamu hizi, lakini nilifurahi kuulizwa.

12 Monkeys ya Terry Gilliam, ya 1995, iliyozaliwa na La Jetée, ilionyeshwa Jumamosi iliyofuata. Ni nzuri na ni ndefu. Baada ya Alhamisi ile, kwangu ilikuwa kama kula mara mbili. Primer ya mwaka 2004 sikuimaliza: Kifaransa chake kilikuwa cha haraka, mkalimani alibaki nyuma, na mimi nikabaki nyuma ya mkalimani. Nasikia ilitengenezwa kwa dola 7,000 tu, na hilo linanipa hamu ya kuirudia kwa utulivu.

Siku ya mwisho ilikuwa Predestination, ya ndugu wawili Spierig, 2014, iliyotokana na hadithi fupi ya Robert Heinlein ya 1959. Asiyetaka kujua aruke aya tatu zinazofuata, maana siwezi kusifu kazi ya mkalimani bila kufichua.

Mtoto wa kike anaachwa mlangoni mwa nyumba ya yatima mwaka 1945. Anaitwa Jane. Akikua anampenda mwanamume asiyemjua, anapata mimba, mwanamume anatoweka. Wakati wa kujifungua madaktari wanagundua kwamba mwili wake una maumbile yote mawili, na kwa kuokoa maisha yake wanamfanya mwanamume. Mtoto anaibwa hospitalini. Miaka inapita, mwanamume huyo anarudishwa nyuma, anakutana na msichana, anampenda. Msichana ni Jane. Na mtoto aliyeibwa anapelekwa nyuma, mpaka 1945, anawekwa mlangoni mwa nyumba ya yatima.

Kwa Kifaransa hadithi hii inapata shida tangu mwanzo, kwa sababu kila sentensi inadai useme il au elle. Kiswahili hakidai. "Alikuja. Akakaa. Akamwambia habari yake." Nani? Mwanamume? Mwanamke? Lugha inanyamaza, na mkalimani aliutumia ukimya huo kwa ustadi ambao sijawahi kuusikia kwenye mikro. Sauti za Kifaransa zilikuwa chini, yeye juu, na kwa muda mrefu alitembea na "a-" na "m-" bila kutaja mwanamume wala mwanamke pale ambapo hakulazimika. "Alimpenda, na aliyempenda alikuwa anamjua kuliko mtu yeyote." Ilipofunuka, niliyaona mabega ya watu yakiinuka kwa pamoja. Kosa la siku ya Terminator alilifidia lote. Nilitamani walimu wa Kiswahili wangekuwapo wote.

Na karatasi yangu. Mtoto: Jane. Mama: Jane. Baba: Jane. Nikaandika shahidi, nikaacha wazi. Nilipitisha kidole kwenye nkata yote na ncha sikuipata. Hapo nilimkumbuka mtu mmoja aliyekuja dirishani kwangu mwaka jana, fundi wa kuchomelea. Ofisi moja ilimwambia alete cheti cha kuzaliwa ndipo apewe kitambulisho. Ofisi nyingine ikamwambia alete kitambulisho ndipo aombe cheti. Alizunguka miezi minne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kuamini kwamba hayupo. Ncha yake tuliipata: shangazi yake, zaidi ya miaka themanini, alileta kadi ya ubatizo iliyokunjwa ndani ya kitambaa cha pesa, na aliweza kusema mvua ilivyonyesha usiku ule na nani alishika taa. Jane hana shangazi wa namna hiyo. Hakuna aliyeshika taa isipokuwa yeye. Filamu ile ni ya ustadi mkubwa, na ilinitoa machozi, na nadhani watu waliosema ni mchezo wa akili tu hawakumtazama yule mtu usoni dakika za mwisho.

Mlangoni kuna meza ya vitabu vya kuazima, faranga 500 kwa juma. Ni vichache, vimechoka, lakini nilikikuta Le Voyageur imprudent cha René Barjavel, kilichotoka kwanza mwaka 1943. Ndicho chenye habari ya babu: msafiri anakwenda Toulon, mwaka 1793, kumuua Bonaparte. Askari mmoja anajitia mbele ya risasi, na askari huyo ni babu yake wa kale, ambaye hajapata mtoto bado. Mwaka 1958 Barjavel aliongeza maneno mwishoni: amemuua babu, basi hayupo; hayupo, basi hakumuua; hakumuua, basi yupo; yupo, basi amemuua. Nilijaribu kuyasema kwa Kiswahili cha shule na nikagundua kwamba tuna chombo chake, ile -ngali- ambayo mitaani hatuigusi: asingalimuua, angalizaliwa; angalizaliwa, angalimuua. Sarufi inakubali mzunguko mzima bila kukwaruza. Nakala ya pale imekosa karatasi kadhaa katikati, mwenye chumba ameziandika kwa mkono kwenye kipande cha daftari kutoka kwa nakala ya rafiki yake. Mwandiko wake unasomeka.

Mambo ya kurekebisha: spika ya kushoto, na choo, ambacho hakina taa. Mabenchi ya nyuma hayana egemeo, na filamu ya saa mbili inamwumiza mtu wa umri wangu; nendeni mapema mkae ukutani upande wa kulia. Karanga na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa mama anayeuza mlangoni ni safi, chupa anazifungua mbele yako. Mihogo ya kuchoma iwahiwe, inaisha kabla ya saa moja. Mwezi wa saba na wa nane bebeni shali au blanketi, ghala lile lina matundu juu ya ukuta na baridi inaingia. Filamu inatangazwa saa kumi na mbili, inaanza saa kumi na mbili na nusu. Akina mama tunaorudi peke yetu, papa mwenye chumba anampa kijana tochi atusindikize hadi barabara ya lami, bila malipo.

Karatasi ya Jane nilimwachia mkalimani. Ameibandika karibu na projekta. Jumamosi nilipopita kununua karanga niliikuta bado iko pale, na mtu ameandika kwa penseli, kwenye nafasi ya shahidi, "sisi ba mabenchi".